Wahandisi wafundishwe kwa mikono, mkulima wa Kilombero aokoe mchele wake

MZAZI wa Ifakara anapouza magunia ya mpunga ili kumlipia mtoto wake ada ya chuo kikuu, anakuwa na matumaini mawili. La kwanza ni kwamba mtoto atapata kazi. La pili ni kwamba siku moja elimu ile itarudi nyumbani, kwenye bonde lile lile lililoilipia.

Mtoto akisomea udaktari, mzazi anajua faida yake. Akisomea ualimu, hali ni hiyo hiyo. Lakini akisomea uhandisi, akahitimu, akarudi likizo akiwa na cheti chake, kisha baba yake akampeleka kwenye mashine ya kukoboa na kumuuliza kwa nini mchele unatoka chenga nyingi mwaka huu, mara nyingi kijana huishia kukuna kichwa. Fundi wa mashine, ambaye pengine aliishia darasa la saba, ndiye anayeinama, anasikiliza mlio, anagusa mkanda na kutoa jibu.

Kijana yule si mjinga. Amefaulu hesabu ngumu ambazo wengi hawaziwezi. Kasoro ipo kwenye namna alivyofundishwa. Katika miaka minne aliyokaa chuoni, huenda aliiona mashine ikifunguliwa mara chache tu, tena akiwa amesimama nyuma ya wenzake kumi na tano, akichungulia juu ya mabega yao.

Mafunzo ya maabara na karakana kwa wanafunzi wa uhandisi yanaweza kuonekana ni suala la maprofesa na wizara. Sivyo. Ni suala la mkulima wa Mngeta, mfanyabiashara wa mchele wa Ifakara mjini na mwenye mashine wa Mang'ula, kwa sababu hao ndio wanaolipa gharama ya mhandisi asiyeijua mashine.

Hesabu ya gunia moja

Gharama hiyo inaanzia kwenye gunia. Katika kilo 100 za mpunga mkavu na safi, maganda huchukua takriban kilo 20 na pumba laini karibu kilo 10. Zinazobaki, kama kilo 70, ndizo mchele. Hakuna mashine inayoweza kutoa zaidi ya hapo, kwa kuwa ndivyo punje ilivyoumbwa. Mashine nzuri iliyorekebishwa vyema hukaribia kiwango hicho. Mashine za zamani za chuma, zile zinazokoboa na kusugua kwa pamoja, mara nyingi huishia kwenye kilo 55 hivi, na sehemu kubwa ya hizo ni chenga.

Tuseme mfanyabiashara amepeleka magunia 50 ya kilo 100 kwenye mashine. Akipata kilo 65 kwa kila gunia, anaondoka na kilo 3,250 za mchele. Akipata kilo 55, anaondoka na kilo 2,750. Tofauti ni kilo 500, sawa na magunia matano ya mchele. Magunia hayo hayakuibwa na mtu. Yamepotelea kwenye pumba, na hakuna wa kumlalamikia.

Hapo bado hazijahesabiwa chenga. Mchele mzima na mchele uliovunjika havina bei moja sokoni, na mnunuzi kutoka Dar es Salaam hahitaji kuambiwa tofauti. Anatia mkono kwenye gunia, anaangalia kiganjani, kisha anataja bei yake.

Swali linalomkabili mkulima ni moja: chenga zinatokana na nini? Mwenye mashine husema mpunga ulikaushwa vibaya. Mkulima husema mashine ni mbovu. Kila msimu lawama hizo hurudi, na kila mmoja huondoka akiamini kuwa mwenzake amemdhulumu.

Jibu linapimika. Chukua mpunga wa shamba moja, uliovunwa siku moja, ugawe mafungu mawili. Fungu moja likaushwe polepole kivulini, likigeuzwa mara kwa mara. Jingine lianikwe kwenye jua kali la mchana na kuachwa lipigwe na umande usiku. Yote mawili yakobolewe kwenye mashine moja, kisha mchele mzima utenganishwe na chenga kwa chekeche na kupimwa kwa mizani. Baada ya hapo, mpunga wa fungu la kivulini upitishwe kwenye mashine mbili tofauti, nao upimwe vivyo hivyo. Kipimo cha kwanza kitaonyesha mchango wa ukaushaji. Cha pili kitaonyesha mchango wa mashine. Malumbano yatakuwa yamepata dawa.

Jaribio hilo linahitaji turubai, mizani, chekeche, daftari na subira. Halihitaji mtambo wa mamilioni kutoka ng'ambo. Hata hivyo ni uhandisi kamili: kuna swali ambalo jibu lake halijulikani, kuna namna ya kutenganisha sababu mbili, na kuna mtu anayengoja jibu ili abadilishe kazi yake. Mwanafunzi aliyelifanya mara moja hawezi kulisahau.

Kuangalia si kujifunza

Maabara nyingi za vyuo huendeshwa kinyume cha hapo. Mwanafunzi hupewa karatasi yenye hatua kumi, anazifuata moja baada ya nyingine, na jibu linalotakiwa linajulikana hata kabla hajaanza. Vifaa vikiwa vichache, mmoja anashika, wawili wanaandika na waliobaki wanapiga soga. Ripoti ya mwaka jana inapatikana kwa wanafunzi waliotangulia, hivyo tarakimu zinanakiliwa na alama zinapatikana. Tatizo hili si la Tanzania peke yake. Walimu wa uhandisi katika nchi nyingi, zikiwamo tajiri, wamekuwa wakililalamikia kwa miaka mingi.

Matokeo yake ni mhitimu anayejua kanuni ya msuguano lakini hajui kwamba mkanda uliolegea hunuka kabla ya kukatika. Anajua kukokotoa kasi ya mzunguko, lakini hajawahi kupima kipenyo cha rola ya mpira iliyochakaa.

Mfano wa rola unatosha kueleza hasara hiyo. Mashine za kisasa za kukoboa hutumia rola mbili za mpira. Zinazunguka kuelekeana, moja ikienda kasi kuliko nyingine kwa takriban robo. Tofauti hiyo ya kasi ndiyo inayoyachuna maganda bila kuivunja punje. Rola yenye kasi ikichakaa, kipenyo chake hupungua na tofauti ya kasi hupungua pia. Maganda hayatoki vizuri. Mwendeshaji, akitaka yatoke, hukaza rola zisogeleane zaidi, na hapo punje huanza kuvunjika. Dawa ni kubadilishana nafasi za rola mapema, kabla tofauti haijafutika, na kununua mpya zinapofikia ukomo.

Fundi mzoefu wa Ifakara anaijua dawa hiyo kwa mazoea. Asichokuwa nacho ni kipimo: baada ya magunia mangapi rola zibadilishwe nafasi, na kwa hasara ya kilo ngapi kwa kila siku ya kuchelewa. Mhandisi anaweza kukipata kipimo hicho kwa kutumia kalipa na mizani kwa wiki chache. Asichokuwa nacho yeye ni mazoea ya mashine. Wawili hao wakikutana, mwenye mashine anapata ratiba ya matengenezo na mkulima anapata kilo zake.

Bonde lenye historia ya maabara

Wapo watakaosema kwamba maabara ni mambo ya mijini na kwamba Kilombero ni mahali pa jembe. Historia ya Ifakara inawasuta.

Mwaka 1949, mtaalamu wa Uswisi, Rudolf Geigy wa Basel, alifika Ifakara. Mwaka 1957 maabara ya utafiti wa magonjwa ya nchi za joto ilifunguliwa katika mji huo ambao wakati ule ulikuwa mdogo na mgumu kufikika hasa wakati wa masika. Kutoka kwenye mbegu hiyo ilikua Taasisi ya Afya Ifakara, ambayo leo inajulikana duniani kwa utafiti wa malaria. Sababu ya kuiweka pale ilikuwa rahisi: mbu na wagonjwa walikuwa pale. Watafiti wake wamejenga nyumba kubwa za wavu kwa ajili ya kuchunguza tabia za mbu katika mazingira yanayofanana na ya kijijini, na baadhi ya mitego yao imebuniwa na kutengenezwa papo hapo.

Kwa upande wa kilimo, kituo cha utafiti cha Ifakara, ambacho wakulima wengi bado wanakiita KATRIN, kinafahamika kwa kazi yake ya mpunga. Mbegu ya SARO 5, iliyoidhinishwa mwaka 2002 kwa jina la kitaalamu la TXD 306, imeenea katika skimu nyingi za umwagiliaji nchini. Mbegu hupatikana kwa watu kuingia kwenye tope, kupanda, kuhesabu na kupima msimu baada ya msimu.

Na katika uhandisi wenyewe, bonde hili na kingo zake ni darasa tosha. Kidatu kuna mtambo wa umeme wa maji wa megawati 204, ulioanza kazi mwaka 1975. Kihansi kuna mwingine wa megawati 180. Reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975, inakatiza bonde kupitia Ifakara na Mlimba. Viwanda vya sukari viko Kidatu na Ruembe. Daraja la Mto Kilombero lenye urefu wa meta 384, lililozinduliwa mwaka 2018 na kupewa jina la Magufuli, liliwaondolea wakazi wa Ulanga na Malinyi adha ya kuvuka kwa kivuko.

Daraja kama hilo halisimami kwa michoro peke yake. Zege linalomwagwa huchukuliwa sampuli, hutengenezwa matofali madogo ya mraba, hulowekwa majini na kuvunjwa kwa mashine baada ya siku 7 na siku 28 ili kujua nguvu yake. Mhandisi ambaye hajawahi kulichanganya zege kwa mikono yake, akaona lililozidishwa maji linavyopasuka mapema, atawezaje kumkatalia mkandarasi anayetaka kuharakisha kazi? Ujasiri wa kusema hapana hutokana na kuona kwa macho.

Kilichojaribiwa

Nchi haianzi sifuri. Kitivo cha Uhandisi cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipofunguliwa mwaka 1973 kwa msaada wa Ujerumani Magharibi, mafunzo ya vitendo viwandani yaliwekwa kuwa sehemu ya masomo. Mwanafunzi alitakiwa kwenda kazini wiki nane wakati wa likizo ndefu. Utaratibu huo ulitokana na fikra za wakati ule, zilizosisitizwa katika Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967, kwamba msomi asitenganishwe na kazi. Katika miaka ya 1980 chuo hicho kilikuwa pia na taasisi ya IPI, ambayo kazi yake ilikuwa kubuni na kutengeneza mashine zinazowafaa wananchi.

Katika miaka ya 2000 kilijaribiwa kitu kingine. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Makerere cha Uganda na Obafemi Awolowo cha Nigeria vilishirikiana na chuo cha MIT cha Marekani katika maabara zinazoendeshwa kwa mbali kupitia intaneti. Mwanafunzi aliweza kuendesha jaribio la umeme kwenye kifaa halisi ambacho hakikuwapo mbele yake. Wazo lilikuwa zuri kwa nchi zenye vifaa vichache, kwa kuwa kifaa kimoja kinaweza kuhudumia wengi. Lakini linategemea umeme na mtandao wa uhakika, na kuna mambo lisiyoweza kuyafundisha. Huwezi kunusa mkanda unaoungua kupitia kompyuta.

Kwa upande wa wahitimu, Bodi ya Usajili wa Wahandisi ilianzisha mwaka 2003 mpango wa mafunzo kazini wa miaka mitatu chini ya uangalizi wa wahandisi wazoefu. Ni mpango unaostahili pongezi. Lakini nao ni ushahidi kwamba chuo peke yake hakitoshi. Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Mazoea ya kushika, kupima na kutilia shaka hayafai kungoja mpaka mtu awe na shahada mfukoni.

Fedha nazo zimeanza kupatikana. Mwaka 2021 Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa dola za Marekani milioni 425 kwa mradi wa elimu ya juu unaofahamika kwa kifupi HEET, unaohusu pamoja na mengine majengo, maabara na mitaala ya vyuo vya umma. Mkopo huo utalipwa na Watanzania wote, akiwamo muuza mchele wa Ifakara. Ana haki ya kuuliza utamletea nini.

Majengo peke yake hayatoshi

Hatari iliyopo ni kwamba maabara mpya zitafunguliwa kwa mbwembwe, utepe utakatwa, kisha baada ya miaka mitatu vifaa vitafunikwa vumbi kwa kukosa fyuzi, dizeli au spea. Hilo si jambo geni kwa mkulima. Amewahi kuona pawatila ikinunuliwa kwa sherehe na kulala uani kwa kukosa kifaa cha bei ndogo.

Ili hilo lisitokee, mambo manne yanahitaji kusimamiwa.

Kwanza, bajeti ya matumizi ya kila siku ya maabara itengwe kando na isiguswe. Mtambo bila vifaa vidogo ni pambo. Pamoja na hilo, mafundi wa maabara wathaminiwe kwa mishahara na mafunzo, kwa sababu wao ndio wanaozifanya mashine ziendelee kuzunguka mwalimu anapokuwa safarini.

Pili, mwanafunzi atahiniwe kwa mikono. Afaulu vitendo peke yake, bila kufidiwa na alama za karatasi. Apewe mashine yenye hitilafu, aitafute, aeleze sababu na aonyeshe vipimo vyake. Makundi yawe madogo, watu wanne au watano kwa meza moja. Vifaa vikiwa vichache, zamu ziongezwe. Injini chakavu ya dizeli na mashine ya kukoboa iliyostaafu, zinazouzwa kwa bei ya vyuma, zinaweza kufunguliwa na kufungwa mara mia bila mtu kuogopa kuziharibu.

Tatu, wanafunzi wapelekwe kwenye kazi halisi za wananchi. Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kiko Morogoro, katika mkoa huu huu, na kinafundisha uhandisi wa kilimo. Wiki nane za mafunzo kwa vitendo zikiangukia kipindi cha mavuno, mashine za kukoboa za Ifakara zinaweza kuwa maabara yao. Katika skimu za umwagiliaji wanaweza kupima maji ya mfereji kwa kijiti kinachoelea, futi kamba na saa: kasi ya kijiti ikizidishwa kwa upana na kina, kisha kupunguzwa kidogo kwa kuwa maji ya juu hukimbia kuliko ya chini, unapata kiasi cha maji kinachopita. Kamati ya maji yenye tarakimu hizo inagawa zamu bila ugomvi.

Nne, mwanafunzi aache kitu nyuma yake. Ripoti ya kurasa hamsini kwa Kiingereza inayokwenda kabatini chuoni haimsaidii aliyempokea. Aandike pia ukurasa mmoja wa Kiswahili kwa mwenye mashine: nini kilipimwa, hasara iko wapi, na kipi kifanyike kwanza kwa fedha kidogo. Asiyeweza kuandika ukurasa huo hajaelewa alichokifanya.

Wajibu wa wenye mashine na wakulima

Lawama zote zisiishie vyuoni. Wenye mashine nao wana la kujibu. Baadhi huwafungia milango wanafunzi kwa hofu kwamba siri za biashara zitavuja. Wengine huwapokea, kisha huwapa fagio na kuwafanya vibarua wa bure. Yote mawili ni hasara kwa mwenye mashine mwenyewe. Kijana mwenye mizani na daftari, akikaa wiki nane karibu na mashine, anaweza kumwonyesha mahali fedha zake zinapovuja.

Hofu nyingine ni ya usalama, na hiyo ina uzito. Mikanda na shafti zisizo na kinga katika mashine nyingi ni hatari kwa kila anayezikaribia, mgeni au mwenyeji. Lakini dawa yake si kumzuia mwanafunzi. Ni kuweka kinga, kukataza nguo zinazopepea karibu na mashine, na kuzima mota kabla ya kugusa kitu. Kazi ya kwanza ya kundi la wanafunzi katika mashine yoyote inaweza kuwa hiyo ya kutengeneza kinga ya mkanda. Ni kazi ya siku mbili, na inaweza kuokoa mkono wa mtu.

Vyama vya ushirika vya wakulima vinaweza kwenda mbali zaidi kwa kupeleka maswali yao chuoni kwa maandishi. Kwa nini mpunga wa ghala fulani huvunjika zaidi? Kwa nini pampu inakula dizeli kuliko ile ya jirani? Mwalimu mwenye maswali kama hayo mezani hahitaji kubuni majaribio ambayo majibu yake yanajulikana tangu mwaka jana.

Wapo watakaopinga kwamba kazi ya kushika spana ni ya mafundi wanaotoka VETA, na kwamba mhandisi ni mtu wa kubuni na kukokotoa. Hoja hiyo ina ukweli nusu. Mhandisi hapelekwi kwenye mashine ili achukue nafasi ya fundi. Anapelekwa ili mahesabu yake yawe na mahali pa kusimama. Anayebuni kitu asichowahi kukishika hubuni kisichotengenezeka, au kinachotengenezeka lakini hakirekebishiki kikiharibika Mlimba saa tatu usiku wakati foleni ya wateja ni ndefu.

Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ufa uliopo hapa unaonekana kila msimu kwenye mizani. Kilo 10 za mchele katika kila gunia ni ada ya shule, ni bati la nyumba, ni mtaji wa msimu ujao. Vyuo vinavyopanga matumizi ya maabara zao mpya, wizara inayovisimamia na wenye mashine wa Kilombero wana nafasi ya kulirekebisha hilo pamoja kabla ya mavuno mengine kufika.

Siku kijana wa Ifakara atakaporudi likizo, akavua saa yake, akazima mota, akapima rola na kumwambia baba yake kwamba tatizo halikuwa mpunga bali ni milimeta chache za mpira uliochakaa, mzazi yule atajua kuwa magunia aliyoyauza hayakupotea.